Nani Atamtwisha Debe

Mpaka leo, nikimsikia mtu mzima amesimama mbele ya vijana akiwaambia wakatae makundi mabaya, huwa natamani kumuuliza swali moja tu: wewe umewahi kuteka maji kwa debe? Simaanishi kutuma mtoto. Namaanisha kuinama chemchemini, ukajaza debe mpaka juu, halafu ukasimama kando yake ukimngoja mtu mmoja, mmoja tu, ashike upande wa pili akusaidie kulipandisha kichwani. Kama hujawahi, kaa chini. Unazungumza na watoto juu ya jambo usilolijua.

Nina ukali huu kwa sababu ya mdogo wangu. Sasa ni mama wa watu, anakaa huko Mahoo kwenye migomba, na akicheka huweka kiganja mdomoni. Wajukuu wake hudhani ni adabu.

Miaka ile ya hamsini sote tulikuwa nyumbani kwetu Mghange. Baba alilima kabichi, nazo zilishuka kwa lori mpaka stesheni ya Voi, zikapandishwa treni kwenda kuliwa na watu tusiowajua. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na cheo hicho alikipenda kuliko kabichi. Alikuwa na koti moja la kahawia ambalo halikuvaliwa ila siku ya ibada na siku ya baraza, na sisi watoto tulijua hali ya dunia kwa kuangalia kama koti liko ukutani au liko mwilini. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka kusomea ualimu, nikapewa darasa la kwanza katika shule ya misheni, wale watoto wanaolia wakimwona mwalimu na kulia tena akiondoka. Mdogo wangu alikuwa darasa la nne, na alikuwa na miaka kumi na minne. Usishangae. Siku zile mtoto wa kike alipelekwa shule baada ya mbuzi kupata mchungaji mwingine.

Alitaka kuwa nesi. Jambo hilo lilianza siku baba alipompeleka Voi kwenye lori la kabichi, akamwona mwanamke Mwafrika akishuka kwenye treni, amevaa nguo nyeupe, saa imebanwa kifuani ikining'inia kichwa chini. Aliporudi alitafuta kifungo kikubwa cha koti, akakishona kifuani kwenye gauni lake, na kila mara alikuwa akikiinua, akikitazama na kutuambia saa. Ilikuwa daima saa ya chai. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alikuwa akimuuliza mbele ya wageni, "Nesi, saa ngapi?" Kwa hiyo kila aliyeingia nyumbani kwetu alijua mtoto huyu anakwenda wapi. Njia ilikuwa moja tu: apasi mtihani wa darasa la nne, apate nafasi katika shule ya bweni ya wasichana. Nyingine haikuwepo.

Sasa nieleze habari ya maji, maana ndiyo kesi yenyewe.

Mama zetu walibeba maji mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na wengi wao walikuwa na alama ya kamba hiyo mpaka kaburini. Sisi tuliozaliwa baadaye tulipata madebe ya mafuta ya taa, tukajifunza kubeba kichwani juu ya kata ya majani makavu ya mgomba. Debe likijaa huwezi kujitwika peke yako. Ukijaribu utamwaga nusu, na hiyo nusu iliyobaki itakuvunja shingo. Kwa hiyo pale chemchemini palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeitunga: anayekuja humtwisha anayekwenda. Umefika na debe tupu, umemkuta mwenzako na debe lililojaa, unaweka lako chini, unamtwisha, anakwenda zake. Hata kama mmegombana, hata kama mbuzi wao wamekula maharagwe yenu, unamtwisha kwanza, matusi baadaye. Nimeona wanawake wasiosalimiana mwaka mzima wakitwishana maji bila kutazamana.

Wasichana wa umri wa mdogo wangu waliivunja sheria hiyo. Na waliivunja kwa sababu ya meno.

Zamani kwetu msichana akikua alichongwa meno ya mbele ya juu yakawa na ncha, akawekwa ndani, akafundwa, akatoka akiwa mtu. Ambaye hakuchongwa alihesabiwa mtoto, hata akiwa na kifua. Misheni ilipokuja ilikataza. Watu wakaitikia amina, halafu wengi wakachonga Jumamosi na kutubu Jumapili. Katika miaka ninayoisimulia, mambo ya kufundwa yalikuwa yamefifia sana pale kwetu, nyimbo zimesahaulika, lakini patasi ilikuwa bado ipo. Ndivyo ilivyo. Mambo ya maana huwa ya kwanza kupotea, na yanayouma hubaki.

Kiongozi wa wasichana wale alikuwa binti wa mwenyekiti wa baraza la kanisa. Ndiyo, umesoma vizuri. Babake hakumpeleka shule, alisema shamba halijui kusoma, na posa yake ilikuwa imeshaletwa kutoka ng'ambo ya mlima. Alikuwa msichana mkubwa, mzuri, mwenye sauti, na alipocheka ulimwona ameshachongwa. Huyo ndiye aliyemwambia mdogo wangu siku moja, debe limejaa, kata iko kichwani tayari, "Sisi hatutwishi watoto. Watoto hubeba kibuyu. Nenda kachukue kibuyu."

Wengine wakacheka. Kesho yake wakacheka tena. Basi ikawa desturi: anafika, anateka, anasimama, na wanaokuja wanampita. Waliigiza kwamba hawamwoni. Wakati mwingine walimwomba afungue mdomo waone kama yale meno yake yasiyochongwa, waliyoyaita ya ng'ombe, yameongezeka. Alirudi na nusu debe, nguo imelowa mgongo mzima, na mama akamfokea kwamba vitabu vimemfanya mvivu.

Nilipolijua jambo hilo sikunyamaza. Nataka lieleweke, maana baadaye watu walisema hakuna aliyejua. Nilimwambia mama. Mama akaenda kwa mama wa wale wasichana, akaambiwa mambo ya watoto waachie watoto. Nilimwambia baba. Baba akamwombea mtoto katika sala ya jioni, akamhimiza ajitenge na makundi mabaya, kisha akalipeleka jambo kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akahubiri Jumapili nzima juu ya marafiki waovu huku akitazama dari, na binti yake ameketi mstari wa pili amejifunga kitambaa cheupe, anaimba vizuri kuliko sote. Hasira niliyokuwa nayo kwenye benchi lile, ningeweza kuchemshia chai.

Jumamosi nilikwenda naye chemchemini mimi mwenyewe, nikamtwisha, na nilipokuwepo wote walikuwa na heshima, shikamoo mwalimu, habari za shule. Lakini wiki ina siku nyingine. Siku za kazi nilitakiwa shuleni kabla ya jua kuchomoza vizuri, na huo ndio wakati wa maji.

Mtihani aliufanya. Kabla matokeo hayajatoka, mama alikosa kuku mmoja, tetea mwekundu aliyempa mdogo wangu awe wake mwenyewe, amfuge. Mama alisema ni nguchiro. Alimlaani nguchiro yule, yeye na ukoo wake, akaziba matundu yote ya banda kwa miiba. Siku ile ile jioni mdogo wangu hakula. Aliketi karibu na mafiga, leso imefunika mdomo, akasema jino linamuuma. Nilimwondolea leso kwa nguvu. Meno manne ya juu yalikuwa yamevunjwavunjwa kuwa ncha, ufizi umechanika, damu imekauka kwenye kidevu. Alikuwa amekwenda kwa mzee mmoja ng'ambo ya kijito ambaye bado alikuwa na patasi na kinyundo, amelaza kichwa mapajani pake, ameuma kipande cha mti, na tetea ndiye aliyekuwa malipo. Nguchiro wa watu hakuwa na kosa lolote.

Nilipiga kelele, na sioni haya kusema hivyo. Nilimuuliza kama amerogwa, kama amesahau shule ya bweni, kama hajui kwamba kanuni ya shule ile inamkataa msichana aliyechongwa. Aliningoja nimalize. Ilimuuma kusema, kwa hiyo alisema polepole.

"Dada, wewe ukienda shule mimi nabaki na wao. Bibi mkuu wa shule atakuja chemchemini kunitwisha?"

Nikamrudishia leso yake.

Nyanya yetu, mama yake baba, alikuwa akikaa katika nyumba ya nyuma. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye meno yake makali vilevile, aliyechongwa zamani za Wajerumani kule ng'ambo ya mpaka na Waingereza huku. Nilidhani atafurahi. Aliposhika kidevu cha mjukuu wake na kuangalia ndani, alikasirika kutushinda sote. "Mimi nilichongwa nikiimbiwa," akasema. "Shangazi zangu walinishika mikono. Huyu amechongwa kama mwizi." Akaenda kuchemsha maji ya chumvi, na njia nzima alikuwa akitukana. Hakumtukana mtoto. Alituita sisi wengine majina ambayo siwezi kuyaandika.

Baba hakupiga wala hakufoka. Heri angefoka. Alilitazama lile gauni, na kile kifungo kifuani, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakumsemesha. Chakula alichopika mdogo wangu hakukigusa. Akitaka kumtuma, alimwambia mama amwambie, na mtoto ameketi palepale anasikia.

Matokeo yalipokuja, jina lake lilikuwa miongoni mwa waliopasi. Wasichana wachache tu katika milima yote walipasi, na yeye alikuwa mmoja wao. Mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa Kizungu mwenye viatu vya kiume, alipanda mlimani kuwaona wasichana waliochaguliwa. Aliwapanga mbele ya ofisi akawaangalia macho, kucha, nywele. Alipofika kwa mdogo wangu alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Fungua mdomo." Mdogo wangu akafungua. Mwanamke yule aliandika kitu, akapita kwa mwingine. Kifungo kilikuwa bado kimeshonwa kifuani, na mtoto mjinga yule alikuwa amekisugua kwa majivu kiwe na mng'aro.

Baraza la kanisa liliitwa, kwa sababu shule ilikuwa ya misheni na baba alikuwa mzee wa baraza. Mimi niliitwa kama mwalimu, nieleze tabia ya mwanafunzi. Walikaa kwenye benchi za darasa langu la kwanza, magoti yamefika kwenye masikio, wazee wazima wamejikunja kwenye viti vya watoto, na hakuna aliyeona kichekesho hicho isipokuwa mimi. Koti la baba lilikuwa mwilini.

Mwenyekiti alianza kwa sala, akaendelea kwa methali. Akasema samaki mkunje angali mbichi. Akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama yangu alikuwa nje, amesimama chini ya dirisha, alisikia kila neno. Mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana msimamo. Mwingine akasema tatizo ni kuiga. Wote wakakubaliana kwamba tatizo ni kuiga, wakatikisa vichwa, wakaridhika kabisa, wakawa wamemaliza kazi. Kisha wakaniuliza kama nina la kusema.

Niliwaambia mambo yote ya chemchemi, kibuyu, nusu debe, na nani aliyesema nini. Nilimtaja binti wa mwenyekiti mbele ya babake. Niliuliza kama kuna mmoja wao, katika mwezi ule wote ambao habari hii ilikuwa imeshaletwa kwao, aliyetembea mpaka chemchemini asubuhi moja tu. Mzee mmoja akajibu kwa upole kwamba walimwombea sana mtoto huyo. Hapo ndipo nilipokosa adabu.

"Kuomba mliomba," nikasema. "Nani alimtwisha?"

Nikasikia mama akikohoa nje. Mwenyekiti hakupandisha sauti. Alisema binti yake hakuwa mwanafunzi, na kanuni iliyovunjwa ni ya wanafunzi, kwa hiyo binti yake hayumo katika shauri hili. Na alikuwa na haki, ndicho kinachonichoma. Kwa kanuni zao alikuwa na haki kabisa. Asiyekwenda shule achonge apendavyo, aolewe. Anayekwenda shule asichonge, na asipochonga akae bila maji. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, husema Waswahili, lakini fahali hawa hawakupigana hata. Walikuwa wakiimba pamoja katika kanisa moja.

Uamuzi ulitoka jioni hiyo hiyo. Nafasi ya mdogo wangu akapewa msichana mwingine, mtoto mzuri, simlaumu. Baba akaondolewa uzee wa kanisa na kutengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapoweka nyumba yake sawa. Mimi nikaonywa juu ya ulimi. Tuliporudi baba alitangulia, sisi nyuma, na alipofika alilitundika koti ukutani. Sikuliona tena likivaliwa mwaka ule.

Mdogo wangu akaugua. Ufizi haukupona vizuri, uso ukavimba upande mmoja, akapata homa. Tulimpeleka zahanati Wundanyi, akapigwa sindano, akapewa dawa ya kusukutua. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, aliniambia baadaye kwamba mgonjwa huyu, homa ikiwa kali vile, alikuwa akimuuliza majina ya dawa na kuyarudia mpaka ayashike. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia kwa hasira. Watu hudhani kilio cha hasira ni tofauti na kilio cha huzuni. Machozi ni yale yale, ila haya hayaleti nafuu.

Uvimbe ulipungua, ukarudi, ukapungua tena. Nyanya akasema dawa ya dresa ni nzuri, anywe, lakini mle nyumbani mna kitu ambacho dresa hana sindano yake. Alikuwa akisema juu ya baba. Kwetu, hasira ya mzazi si jambo la moyoni mwake tu. Mzazi akimfungia mtoto wake kinyongo, hata asiposema, kinyongo hicho hutafuta njia, kikamwingia mtoto kama ugonjwa. Dawa yake ni kutasa. Mwenye kinyongo huchukua maji mdomoni, au pombe ya miwa, akayapuliza nje, puu, na kwa maneno yake mwenyewe akasema hasira imetoka, akamtakia mwenzake mema. Lazima aseme kweli. Huwezi kutasa kwa uongo, au unaweza, lakini utakuwa umetema maji tu.

Misheni ililikataza hilo pia. Baba, wakati akiwa mzee wa kanisa, aliwahi kumkemea nyanya, mamake mzazi, kwa kutasa uani. Kwa hiyo nyanya alipomwambia, sote tulingoja akatae. Akalitazama koti ukutani.

"Mezani wameshaniondoa," akasema. "Nani atanikataza?"

Tukatoka uani asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, kuku wanachakura. Mdogo wangu aliketi kwenye kigoda, shavu moja bado kubwa. Baba alichota maji kwa kata ya kibuyu kutoka kwenye debe, akasimama mbele yake. Hakumtazama kwanza. Alijaza mdomo, akapuliza kulia kwake, na kushoto kwake, na matone yakampata mtoto miguuni. Akasema kwa Kidawida, lugha yetu, nami nayaleta kwa Kiswahili niwezavyo: kama nilikufungia moyo, nimefungua. Kama nilikuonea haya mbele ya watu, haya hiyo iende na watu wake. Upone. Ule, ushibe, ulale. Halafu akamaliza kwa neno ambalo halimo katika kutasa kokote. Alimuuliza, "Nesi, saa ngapi?"

Mdogo wangu akakiinua kifungo, akakitazama kwa muda mrefu. Akasema ni saa ya chai.

Mama naye akatasa, akamwomba mtoto radhi kwa kumwita mvivu, na mwishoni akamwomba radhi nguchiro, tukacheka kidogo. Nyanya akatasa. Ikafika zamu yangu. Nyanya akanipa kata ya maji, akasema mwenye hasira kubwa kuliko wote katika nyumba hii ni huyu, atoe.

Nilijaza mdomo maji, nikasimama mbele ya mdogo wangu, nikamwangalia. Nikatafuta hasira juu yake, nikakuta hakuna hata tone. Hasira yangu yote ilikuwa ya watu ambao hawakuwepo uani pale. Ilikuwa ya mwenyekiti na methali zake, ya yule mwanamke wa fungua mdomo, ya wazee waliotikisa vichwa kwenye viti vya watoto wangu. Ningeitemea miguu ya mtoto kwa nini? Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kukaa kwenye kigoda. Nikameza maji. Nikamtakia mema kwa mdomo mkavu, na mema hayo yalikuwa ya kweli.

Nyanya aliniona koo likishuka. Baadaye, tukimenya maharagwe, aliniambia kwamba aliyemeza hasira yake ataila maisha yake yote. Nikamwambia najua.

Mdogo wangu alipopata nguvu alirudi kuteka maji, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa nilikwenda naye. Tulifika wasichana wamejaa. Nilibaki juu kidogo, kwenye njia, nikitengeneza kata yangu, nikaona yote. Alijaza debe. Kabla hajasimama vizuri, binti wa mwenyekiti alikuwa ameshaweka lake chini. Akaja kwa tabasamu, na mwingine upande wa pili, wakamtwisha kwa upole mkubwa, wakamwekea kata sawa, wakamfuta maji mgongoni. Wakamwita kwa jina la utani la kikubwa. Walifurahi kweli, na hicho ndicho kitu nisichoweza kuwaeleza wanaohubiri juu ya makundi mabaya: wasichana wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wamemlipisha bei ambayo wao wenyewe walilipishwa, na sasa walikuwa wakimpa mali yake.

Nyuma yao palikuwa na msichana mwingine. Alikuwa wa darasa la tatu, mwenye meno yake yote, amesimama kando ya debe lililojaa. Kata iko kichwani. Wanaokuja walikuwa wakimpita. Sikusikia aliyesema, ila nilisikia neno kibuyu.

Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kupanda njia. Akasimama. Mwenye debe kichwani hawezi kugeuza shingo, kwa hiyo aligeuka mwili mzima, polepole, maji yakicheza. Akapiga magoti. Akalishika debe kwa mikono miwili, akalishusha mwenyewe, peke yake, jambo ambalo ni gumu karibu sawa na kulipandisha, na nusu yake ikammwagikia kifuani. Akalitua matopeni. Akarudi chini, akamshika yule mtoto bega, akamwambia, "Haya, inama." Akamtwisha.

Halafu akarudi kwenye debe lake lenye maji nusu, akalijaza tena mpaka juu bila haraka, akasimama kando yake, akangoja. Binti wa mwenyekiti alitazama pembeni. Wengine wakamtazama kiongozi wao. Waliokuwa wakifika wakampita mdogo wangu mmoja baada ya mwingine, na meno aliyoyalipia kwa damu na kwa shule yakawa hayana thamani tena, asubuhi ile ile aliyoyapokelea malipo.

Nilishuka. Niliweka debe langu tupu chini. Nikashika upande mmoja, yeye upande wa pili, tukalipandisha. Kifungo kilikuwa kimekatika uzi, kikabaki kuning'inia.

"Dada," akaniambia kutoka chini ya debe, "usiwatukane."

Sikuwatukana. Nilimfuata nyuma mpaka nyumbani, na kila nilipofundisha tangu siku hiyo, katika kila shule niliyopelekwa, nilikuwa nikifika mahali pa maji kabla ya kengele.